Mgogoro wa Vigezo katika Uhakiki wa Filamu ya L'avventura

Filamu ya L'avventura ya Mwitalia Michelangelo Antonioni ilizomewa ilipoonyeshwa Cannes mwaka 1960, lakini ikapata Tuzo ya Majaji katika tamasha hilohilo. Mhusika Anna anatoweka kisiwani karibu na Sicily. Anatafutwa, haonekani, na hadithi inaishia bila kueleza yaliyompata. Wanaoibeza hushikilia kwamba fumbo lisilofumbuliwa ni kasoro ya msuko. Wanaoitetea hujibu kwamba kiini chake ni wepesi wa Sandro, mpenzi wa Anna, na Claudia, rafiki yake, kumsahau. Hivyo, upande mmoja hupima msuko, mwingine dhamira. Hata hivyo, hoja ya pili ina uzito zaidi: Anna angepatikana, usahaulifu huo usingedhihirika. Kasoro inayodaiwa ndiyo inayoibeba dhamira.