Mpunga, Dungu na Daftari

Kwa miaka mingi sehemu ya utungaji katika mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba imemtaka mtahiniwa azipange kwa mtiririko, kwa kuzipa herufi, sentensi ambazo mtu mwingine amekwisha kuziandika. Mtoto anaweza kuzoa alama zote za utungaji bila kutunga sentensi hata moja. Mwalimu hufundisha kitakachoulizwa, na simlaumu. Lakini miezi michache baadaye mtoto huyo huyo anaingia kidato cha kwanza, anafundishwa kwa Kiingereza, na kila somo linamdai ajieleze kwa maandishi. Hajawahi kupewa nafasi ya kufanya hivyo hata kwa lugha anayoimudu.

Nafasi hiyo ipo darasa la tano na la sita, kwenye vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80. Utaratibu wenyewe ni warsha ya kusoma na kuandika. Huko Marekani ulienezwa miaka ya 1980 na walimu kama Donald Graves na Nancie Atwell, ingawa mzizi wake ni wa zamani zaidi: Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini Ufaransa, aliingiza mashine ya kuchapa darasani miaka ya 1920 ili watoto wasome waliyoyaandika wenyewe. Nasi tulikuwa na Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, ambalo wasomaji wake waliliandikia barua, mashairi na habari za miji yao.

Tuchukue mfano wa darasa la sita pale Mlabani, Ifakara, lenye watoto 70. Dakika kumi za mwanzo mwalimu anafundisha jambo moja dogo. Leo nukta, kwa sababu watoto wengi huandika ukurasa mzima ulioshonwa kwa “halafu”. Wiki ijayo namna ya kuanza habari. Kisha wanaandika kwa nusu saa, kila mtoto juu ya jambo alilolichagua mwenyewe. Ukiwapa wote “Siku Nisiyoweza Kuisahau” utapata insha 70 za harusi moja. Waulize wanachokijua. Bonde la Kilombero limewajaza habari: dungu linajengwaje, kwelea kwelea hushuka shambani saa ngapi, maji ya masika yakipanda familia huhamisha nini kwanza, bibi alisubiri kivuko muda gani kabla daraja la Mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018.

Wakati wanaandika, mwalimu hakai mezani. Anapita kwenye madawati na kuzungumza na mtoto mmoja mmoja, dakika mbili au tatu, kwa sauti ya chini. Hapa ndipo warsha inaposimama au kuanguka. Tuseme mtoto ameandika: “Tulikwenda shambani. Ndege walikuja. Tuliwafukuza.” Mwalimu mwenye kalamu nyekundu haoni kosa, anatia alama ya vema, anapita. Mwalimu wa warsha anauliza: mliwafukuza kwa kutumia nini? Mtoto anaeleza kamba iliyofungwa makopo, kombeo, na mdogo wake aliyelala kwenye zamu. “Hayo uliyoniambia sijayaona humu. Yaandike.” Tahajia itasubiri zamu yake. Ukianza na herufi iliyokosewa, mtoto atajifunza kuandika maneno machache asiyoweza kuyakosea, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kosa lenyewe.

Hesabu yake inawezekana. Watoto kumi kwa kila warsha, warsha mbili kwa wiki, na katika muda wa wiki nne kila mmoja kati ya wale 70 amekaa na mwalimu wake. Muda uliobaki katika zile dakika 80 ni wa kusoma: wawili watatu wanawasomea wenzao, na darasa linasema limeelewa nini na wapi limepotea.

Vitabu vichache visituzuie. Mtoto akisahihisha kazi yake na kuiandika upya kwa mwandiko safi, karatasi hizo zishonwe na kutundikwa kwenye kamba ukutani, zisomwe na darasa la nne. Hadithi zilizochapishwa nazo ziwepo, na mwalimu asome mojawapo kwa sauti mara kwa mara, kwa maana mtoto asiyesikia sentensi nzuri hataijenga.

Kuna watoto wanaowafuata wazazi mashambani kuamia mpunga na kukosa masomo kwa wiki kadhaa. Mahali pao ni shuleni, na juhudi za kuwarudisha ziendelee. Ila mmoja wao anaporudi, aghalabu tunampokea kama aliyebaki nyuma tu. Katika warsha ana habari ambazo darasa zima linazitaka, na akiwa alikwenda na daftari lake, anarudi na kurasa zilizoandikwa.

Kuhusu maksi, kazi moja kwa mwezi inatosha, mwanafunzi aichague, na mwalimu asahihishe jambo lililofundishwa mwezi huo. Mzazi anaweza kulalamika kwamba daftari halina wino mwekundu. Mwiteni kwenye kikao, mtoto amsomee.

Kwa mwalimu mkuu nina ombi: vipindi hivi visitolewe kafara kila yanapokuja majaribio. Mtoto anayejua kwamba Jumanne ataandika huanza kutafuta la kuandika tangu Jumapili. Vikikatwa ovyo, anaacha kutafuta.