Kusafisha Zulia Bila Stima

Stima imepotea na zulia limejaa makombo? Kifagio cha zulia cha kusukuma kwa mkono kitakusaidia. Ukikisukuma, magurudumu huzungusha brashi, nayo huokota makombo, nywele na mchanga na kuvitia kwenye kisanduku chake. Hakitumii umeme hata kidogo, wala hakipigi kelele ya kumwamsha mtoto.

Hata hivyo, hakifikii vumbi lililozama ndani ya zulia. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu isikitegemee peke yake. Mara kwa mara, toa zulia nje, likung'utwe mbali na mgonjwa, kisha lianikwe juani.

Kila ukimaliza kufagia, mwaga uchafu wa kisanduku na uondoe nywele zilizojisokota kwenye brashi. Zikijaa, brashi haizunguki.