Kasereka na Kona ya Ukuta

Tumwite Kasereka. Wadogo zangu wa Butembo na Beni mmekwisha kujua jambo moja juu yake: ni mtoto wa kiume wa tatu, maana kwetu Wanande jina linakwenda na zamu ya kuzaliwa. Mbele yake yuko Mumbere, kisha Kambale, na anayemfuata mgongoni ni Kakule. Ninyi wa kwingine sikilizeni tu, mtashika njiani. Kijana huyu nimemtunga mimi. Njia aliyoipita ipo, na waliokwisha kuipita ni wengi.

Kwao ni Mbau, mashariki mwa Kongo, kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya kwenda Oicha, pale inapochepuka njia ya Kamango. Ni nchi ya kakao. Mzazi mwenye shamba anauza kakao, analipa minervali, yaani karo, mtoto anakaa darasani. Asipofika shambani hakuna cha kuuza, na mtoto anarudishwa nyumbani kufuata pesa ambayo haipo. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, yamepita majira mengi ambayo kwenda shambani ni kucheza na roho yako. Familia ya Kasereka ilikimbilia Oicha, ikarudi. Ikakimbilia Beni, ikarudi. Kule Beni alisoma zamu ya mchana katika jengo la shule ya wenyeji, wenyewe wakiisha kutoka. Saa zilikatwa, na vitabu vilikuwa vimebaki Mbau. Agosti 2018 ikatangazwa Ebola huko Mangina, na kwenye lango la shule kukawekwa ndoo ya maji yenye dawa na mtu wa kupima joto kwenye paji la uso.

Alipofika humanité, yaani madarasa ya juu ya sekondari, baba yake alimchagulia math-fizik, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa enjenia. Taabu kubwa ilikuwa Kifaransa. Mwalimu anaeleza teoremu ya Pythagoras kwa Kifaransa. Kasereka anaigeuza kichwani iwe Kiswahili, pengine Kinande. Akimaliza kuigeuza, ubao umekwisha kufutwa. Mwaka wa kwanza wa taabu hiyo akadubli, yaani akarudia darasa. Wa pili, bilteni, ile karatasi ya alama, ikaja imeandikwa kwamba atafute shule nyingine.

Hapa watu wazima husema neno baya: "Huyu kichwa kimefunga, mpelekeni kwenye ufundi." Wanautaja ufundi kama fimbo. Kwa maoni yangu wasemao hivyo hawajawahi kusimamisha hata ukuta wa choo.

Mjomba wake hakusema hivyo. Alimpeleka kwenye kituo cha ufundi. Vituo hivi kwetu vingi ni vya parokia na makanisa, vingine vya mashirika. Serikali nayo ina taasisi yake ya kutayarisha watu kwa kazi, INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964. Hata kwa mdogo aliyekosa shule ya msingi kuna vituo vya kufidia masomo, ambako miaka 6 inasomwa kwa miaka 3. Wazo lenyewe ni la dunia nzima. Huko Marekani, mwaka 1901, mjini Joliet karibu na Chicago, walifungua chuo kidogo cha watu wa mtaani kikiwa na wanafunzi 6. Leo vyuo vya namna hiyo vimejaa nchi nzima, na vinapokea hata watu ambao shule ya kwanza haikuwakubali.

Sasa njoo tuone siku ya kona.

Fundi alipiga kijiti ardhini, akafunga kamba mbili, moja ya ukuta wa mbele, nyingine ya ukuta wa ubavuni. Akamwambia Kasereka apime mita 3 kwenye kamba ya kwanza, atie alama. Kwenye ya pili, mita 4, alama. Kisha avute mita kutoka alama hadi alama, mshazari. Ikasoma 5 na sentimita 10. "Kona imefunguka," fundi akasema, "rudisha kamba ndani." Kasereka akasogeza kijiti kilichoshika mwisho wa kamba ya pili kidogo kidogo hadi ikasoma 5 kamili. Hapo kona ni ya sawasawa, na nyumba haitapinda. Ingesoma pungufu ya 5, angeisukuma nje.

Unaweza kujaribu leo kwenye sakafu ya kwenu kwa sentimita 60, 80 na 100. Siri yake ni hii: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, zijumlishe upate 25, ambayo ni 5 mara 5.

Kasereka alitulia kidogo, akauliza, "Fundi, hii si ile ya Pythagoras?"

Fundi akajibu kwamba mtu huyo hamjui, lakini kama anajua kazi, aje kesho asubuhi.

Msidhani kuanzia siku hiyo kila kitu kililainika. Mchana alijenga, na usiku alitaka kurudia masomo, kwa kuwa mlango wa diploma ulikuwa haujafungwa. Mtihani wa serikali, Exetat, umekuwepo tangu 1967, na unamkubali pia mtu asiye na shule. Anaitwa autodidakte, yaani aliyejisomea. Kwanza anapita majaribio ya awali. Baadaye anaandika insha ya Kifaransa, anahojiwa kwa mdomo, halafu anakaa siku 4 za mtihani wenyewe. Akipata 50 kwa 100, diploma ya serikali ni yake.

Kifaransa kilikuwa bado kinamngoja palepale alipokiacha. Aliyekijua nyumbani ni Kakule, aliyekuwa anamaliza sekondari. Kwetu mkubwa ndiye anayemwonyesha mdogo, si kinyume. Kumwambia mdogo wako "nifundishe" kunauma kuliko tofali kukuangukia mguuni, na nadhani hicho ndicho kilichomchelewesha Kasereka kuliko sarufi. Alipolitamka neno hilo, Kakule alicheka siku nzima, kisha akaleta daftari. Wakarudia maswali ya miaka iliyopita, taa ikiwa katikati yao, mama akilalamika kwamba wanamaliza chaji ya simu.

Matokeo huja kwa simu, na anayefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, watu wakiimba barabarani. Mwaka waliofanya mtihani wote wawili, poda iliisha nyumbani kwao: ndugu wawili, mmoja ana miaka 18, mwingine 23.

Baba akaanza tena hesabu zake. Butembo kuna Université Catholique du Graben, iliyofunguliwa mwaka 1989 enzi za Askofu Emmanuel Kataliko. Zamani kijana wa Mbau alilazimika kufika Kisangani au Kinshasa.

"Sasa utasomea nini, enjenia?"

"Papa, ngoja kwanza. Kuna mtu wa Oicha anangoja ukuta wake, na nusu ya malipo nimekwisha kula."