Kamba, Pingu na Mahaba: Hadithi za Mapenzi ya Wanaume na Matatizo ya Kuziandika kwa Kiswahili

Miongoni mwa aina za hadithi zilizoenea ulimwenguni katika miaka hamsini iliyopita, iko moja ambayo wanazuoni wa Kiswahili hawajaishughulikia sana. Nayo ni hadithi ya mahaba baina ya wanaume wawili, watu wazima, ambamo mmoja huamuru na mwingine hutii, au mmoja hufunga na mwingine hufungwa, kwa mapatano yao wenyewe. Makala haya hayakusudii kuisifu wala kuishutumu. Yakusudia kueleza namna hadithi hizo zinavyojengwa, na taabu zimpatazo mtu atakaye kuzisoma au kuziandika kwa Kiswahili, hasa katika nchi ya Handeni na Korogwe, ambako maneno kama kamba, kiboko na mtumwa yana historia yake.

Yafaa kwanza kutaja asili yake. Mwingereza E. M. Forster aliandika riwaya yake Maurice mwaka 1913 na 1914, akaificha maisha yake yote. Ilichapishwa mwaka 1971, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Jambo aliloling'ang'ania ni kwamba wapenzi wake wawili wamalize hadithi wakiwa hai na pamoja, maana desturi ya zamani ilitaka watu kama hao wafe au watengane. Upande wa pili, Leopold von Sacher-Masoch wa Austria alitoa mwaka 1870 hadithi ya mwanamume aliyetia sahihi mkataba wa kuwa mtumwa wa mwanamke ampendaye. Mito hii miwili ilikutana Marekani katika miaka ya 1970, John Preston alipoandika Mr. Benson, iliyotoka kwanza kwa mfululizo katika gazeti, kisha kitabu mwaka 1983. Wakati huohuo, huko Marekani na Japani, wanawake wengi walianza kuandika na kusoma mapenzi ya wanaume. Basi asidhani mtu kuwa wasomaji wa hadithi hizi ni wanaume tu.

Hadithi hizi zina kanuni mbili kubwa. Ya kwanza ni mwisho mwema. Ya pili ni ridhaa: kabla ya kamba kufungwa, wapenzi huzungumza, huwekeana mipaka, na huchagua neno moja la kukomesha, ambalo likitamkwa mchezo wote husimama. Kwa hiyo kiini cha hadithi ni mazungumzo kuliko kamba. Na humo mna kinyume cha ajabu: yule anayetii ndiye mwenye neno la mwisho. Palipokosekana neno hilo, wasomaji wa aina hii wenyewe husema kwamba hapana mapenzi, pana dhuluma tu.

Sasa na tuitazame lugha. Kiswahili kina fadhila moja ambayo Kiingereza hakina: kiwakilishi yeye na viambishi a- na m- havibagui mume na mke. Sentensi kama hii, "Alimshika mkono, akamwambia kuwa amemngoja tangu alfajiri," haielezi kabisa ni nani mwanamume na ni nani mwanamke. Washairi wa pwani wamefaidi fadhila hiyo kwa karne nyingi, wakimwita mpenzi ua, lulu au tabibu, na msikilizaji akabaki na dhana yake. Mwandishi wa mapenzi ya wanaume aweza kwenda kurasa nyingi bila kumfunua mtu. Lakini fadhila hiyo ina gharama, kwa sababu wahusika wawili wakiwa chumbani, viambishi hivyo havitoshi kumwonyesha mtendaji na mtendwa. Hapana budi kurudia majina au kutafuta sifa za kuwatofautishia.

Vitenzi navyo vina siasa yake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa; mwanamume akisemwa kuwa ameolewa, ni dhihaka, kama asemwavyo yule aliyehamia nyumbani kwa mkewe. Kauli ya kutendwa humshusha mtu. Lakini Kiswahili kina kauli ya kutendana, nayo huwaweka wawili katika mizani moja: kupendana, kungojana, kuaminiana, kuridhiana. Neno hili la mwisho labeba ndani yake kanuni nzima ya hadithi hizi, wala halikuazimwa kwa ajili yake; watu hulitumia kila siku katika mambo ya mahari, mashamba na madeni. Vivyo hivyo, mwandishi akisema "alifungwa," msomaji hufikiri jela. Lakini akisema "alikubali afungwe," hiari ya mtu imerudi mahali pake.

Taabu kubwa i katika majina. Maneno ambayo Waswahili wanayo kwa wanaume wapendao wanaume, yaani basha kwa upande mmoja, na msenge, hanithi au shoga kwa upande mwingine, hayataji mapenzi; yataja nafasi, nani yu juu na nani yu chini. Hanithi, lenye asili ya Kiarabu, ni pia mwanamume asiye na nguvu za kiume. Shoga ni neno la upole ambalo wanawake wa pwani huitana wao kwa wao, nalo liligeuka tusi lilipohamishiwa wanaume. Basi mwandishi akiyatumia maneno hayo, ameandika habari ya vyeo kabla hajaandika habari ya moyo. Akiyaacha, hubakiwa na maneno ya wote: mpenzi, mwenzi, rafiki, sahibu. Na yaelekea hayo ndiyo bora, kwa kuwa hayamhukumu mtu kabla hadithi haijaanza.

Kuhusu kufunga, lugha ni tajiri kuliko watu wanavyodhani. Twafunga ndoa, twafunga safari, twafunga saumu. Mtu hujifunga kwa ahadi. Wanaooana husemwa kuwa wamefunga pingu za maisha, na hakuna mgeni harusini ashtukaye kwa kusikia pingu zikitajwa. Nyimbo za taarabu zimejaa wafungwa na watumwa wa mapenzi. Kwa hiyo wazo la kwamba mapenzi ni kifungo cha hiari si geni kwa Kiswahili.

Lakini tamathali hiyo haina uzito mmoja kila mahali. Katika miaka ya 1830 njaa iliikumba nchi ya Wazigua. Wengi walichukuliwa pwani, wengine kwa kudanganywa, wakauzwa hata Benadir. Waliotoroka walijificha katika misitu ya mto Juba, wakaitunza lugha yao kwa vizazi. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatawanya wajukuu wao, na baadhi yao walirudi na kupewa makazi Chogo, katika Handeni. Korogwe nayo ni nchi ya mkonge, mmea ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kati ya miche iliyoletwa ikapona 62 tu. Miche hiyo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa, na mashamba yakaleta manamba, wanaume waliotoka mbali bila wake zao. Zama za Wajerumani adhabu ya viboko 25 ilijulikana kwa jina la hamsa ishirini. Msomaji wa huko aonapo kamba ya katani, kiboko na neno bwana katika hadithi ya mahaba, hasomi mchezo mtupu. Babu yake hakuwa na neno la kukomesha.

Hili si sababu ya kumkataza mwandishi, ila lamtaka aijue nchi anayoiandikia. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa jina la Peponi mwaka 2022, yaonyesha habari ya Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la babaye. Hapo mamlaka hayana ridhaa, na mwandishi hayapambi. Atakaye kuandika mamlaka yenye ridhaa lazima aonyeshe tofauti hiyo waziwazi.

Iko pia hatari ya sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara chatoa kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30, kwa tendo lenyewe, na maandishi yahesabiwayo kuwa machafu yana adhabu yake. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilivipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili. Hata hivyo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, nayo ilikatazwa mashuleni, na baadaye ikawa kitabu cha kufundishia.

Wazee wa nchi hii hawakuacha mambo ya faragha bila lugha. Hans Cory alichapisha mwaka 1956 kitabu juu ya sanamu za udongo za unyago, zikiwamo za Wasambaa na Wazigua, ambazo kila moja huenda na wimbo na fundisho lake. Mambo ya chumbani yalisemwa kwa fumbo, mahali pake, kwa waliofikia umri. Fumbo ni adabu ya kusema, wala si ufukara wa lugha, na mwandishi wa leo aweza kujifunza kwalo.

Linalobaki ni jambo dogo la msamiati lenye uzito mkubwa. Kijana wa Korogwe au Handeni atafutaye habari ya moyo wake katika vitabu vya Kiswahili huenda asikute jina lake ila katika matusi. Kwa Kiingereza atakuta hadithi nyingi, lakini zitasema naye kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao. Kiswahili kina kuridhiana, kina wenzi, kina hata pingu za maisha. Maneno yapo, yangoja kutumiwa kwa uangalifu.