Siku za Ua Huhesabiwa Kuanzia Shambani

Ua halifi papo hapo linapokatwa. Huendelea kupumua, kunywa maji na kutumia chakula lililojiwekea kwenye shina na majani. Tofauti ni kwamba sasa halina mizizi ya kulirudishia kile linachotumia. Akiba hiyo ikiisha, au maji yakikosekana, ua hunyauka.

Kwa mkulima mdogo wa Kinangop na sehemu nyingine za Nyandarua anayeuza maua kupitia wakala, jambo hili linahusu mfuko wake moja kwa moja. Maduka mengi makubwa ya Uingereza huwahakikishia wateja kwamba maua yatadumu siku kadhaa baada ya kununuliwa. Maua yasiyoweza kufikia siku hizo hukataliwa au hushushwa bei, na hasara hurudi hadi shambani. Siku hizo huamuliwa hasa na mambo manne.

Joto

Hili ndilo kubwa zaidi. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za selsiasi, ua hupumua kwa kasi mara 2 hadi 3 zaidi. Kwa hesabu hiyo, waridi lililokaa saa 3 kando ya barabara kwenye nyuzi 22 limezeeka sawa na lililokaa angalau saa 12 katika chumba baridi cha nyuzi 2. Ndiyo maana maua hukatwa asubuhi na mapema au jioni, na kuondolewa juani mara moja.

Si kila ua hupenda baridi kali, hata hivyo. Maua yenye asili ya nchi za joto, kama anthuriamu, hudhurika na kubadilika rangi yakiwekwa kwenye baridi inayofaa waridi.

Maji

Shina lililokatwa ni kama mrija. Likikaa nje ya maji, hewa huingia na kuziba njia. Maji machafu nayo hubeba bakteria wanaoziba mrija huohuo, na hapo ua linaweza kunyauka huku limesimama ndani ya ndoo iliyojaa maji. Ndoo zinafaa kusuguliwa kwa sabuni na dawa yenye klorini kila baada ya matumizi, kisu au mkasi uwe mkali na safi, na majani yote yatakayozama majini yaondolewe kwa sababu yakioza huongeza bakteria.

Wakati wa kukata

Waridi lililokatwa likiwa changa mno huinamisha shingo na huenda lisifunguke kamwe. Lililochelewa kukatwa hufika sokoni likiwa limefunguka na siku zake zimekwisha. Kila aina ina hatua yake ifaayo, na mnunuzi huieleza. Mkulima asikate mapema kwa sababu tu gari limefika.

Gesi na ukungu

Matunda yanayoiva, moshi wa magari na majani yanayooza hutoa gesi iitwayo ethilini. Haionekani kwa macho, lakini huharakisha uzee wa maua. Mkarafuu wa mapambo, unaojulikana kwa wakulima kama kanesheni, huathirika sana: petali zake hujikunja kwa ndani kana kwamba ua limelala. Maua kama hayo hutiwa dawa maalumu yenye madini ya fedha baada ya kukatwa. Hata hivyo, kinga ya kwanza ni kutoyasafirisha pamoja na ndizi, maembe au parachichi, wala kuyaweka karibu na injini inayonguruma.

Ukungu wa kijivu nao hushambulia petali zenye unyevu. Maua yaliyokatwa yakiwa na umande au mvua, kisha yakafungwa kwenye boksi, hufunguliwa yakiwa na madoa ya kahawia.

Asiye na chumba baridi afanye nini?

Kuna hatua zisizogharimu sana. Kivuli chenye kupitisha hewa vizuri ni mwanzo mzuri. Kibanda chenye kuta za mkaa unaolowanishwa maji hupunguza joto la ndani, kwa sababu maji yanapokauka kwenye mkaa huondoka na joto. Hakifikii baridi ya mashine, lakini kinashinda mti wa kando ya barabara. Kikundi cha wakulima pia kinaweza kukubaliana na mnunuzi kuhusu saa kamili ya gari kufika, ili kukata kufuate gari badala ya maua kulisubiri.

Chumba baridi cha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hupunguza kasi ya ua kuzeeka, lakini hakiwezi kurudisha siku zilizopotea kabla halijafika huko. Kwa ushauri kuhusu aina ya ua analolima, mkulima amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.