Mwizi Asiyefikisha Arobaini

Katika hadithi za picha za Kijapani zijulikanazo kwa jina la manga, yaani simulizi ndefu zinazochorwa kwa wino mweusi, zikatolewa sehemu kwa sehemu katika majarida na baadaye zikakusanywa katika juzuu ndogo, yumo mhusika ambaye wasomaji wamemcheka na kumpenda kwa zaidi ya nusu karne: mwizi bingwa mwenye maisha mawili. Mchana ni mwanafunzi, mwenye mgahawa au jirani mwema. Usiku ni mtu aliyejificha ndani ya sura nyingine, apitaye juu ya mapaa akiwa na kito mfukoni na kikosi kizima cha polisi nyuma yake. Makala haya yanadai kwamba kichekesho cha hadithi hizi hakitoki katika wizi wenyewe wala katika mbio za kukimbizana, bali katika ule upande wa pili wa maisha ya mwizi, upande wenye mzazi, shule na majirani, na kwamba upande huo ndio unaokosekana zaidi katika namna jamii za Afrika Mashariki zinavyomsimulia mwizi wao.

Mfano ulio kamili kuliko yote ni Magic Kaito, kazi ya mchoraji Gosho Aoyama iliyoanza kutoka mwaka 1987 katika jarida la Weekly Shōnen Sunday. Mhusika mkuu, Kaito Kuroba, ni kijana wa sekondari anayependa mazingaombwe, sanaa aliyoirithi kwa baba yake, Toichi, ambaye alifariki jukwaani miaka minane kabla ya hadithi kuanza, katika tukio lililodhaniwa kuwa ajali. Siku moja Kaito anagundua chumba kilichofichwa nyuma ya picha kubwa ya baba yake, na humo anakuta vazi jeupe, kofia ndefu, joho na miwani ya jicho moja, vitu ambavyo dunia nzima inavijua kuwa ni vya mwizi aitwaye Kid. Anapotambua kwamba baba yake ndiye aliyekuwa mwizi huyo, na kwamba hakufa kwa ajali bali aliuawa na genge linalotafuta kito kiitwacho Pandora, kinachosemekana kuwa na uwezo wa kumpa binadamu uhai usiokoma, kijana anavaa vazi lile na kuanza kuiba vito vikubwa kimoja baada ya kingine ili akipate hicho kabla ya wauaji. Kila kito anakiinua kwenye mwanga wa mbalamwezi. Kama hakina rangi nyekundu ndani yake, si Pandora, naye huhakikisha kinamrudia mwenyewe.

Utajiri wa hadithi hii, hata hivyo, umo nyumbani. Inspekta Ginzo Nakamori, askari aliyeyatoa maisha yake kumsaka Kid, ni baba wa Aoko, msichana anayesoma darasa moja na Kaito na ambaye wamekua pamoja. Aoko anamchukia Kid kwa sababu anamfedhehesha baba yake mbele ya umma, ilhali kila asubuhi anagombana na kutaniana na Kid huyohuyo bila kujua. Katika sura moja Aoko, akitaka kuthibitisha kwamba rafiki yake si mwizi, anamwalika waende pamoja kwenye bustani ya michezo saa ileile ambayo Kid ametangaza kuiba, na anafikia hata kumfunga pingu mkononi wakiwa katika ukumbi wa sinema, na msomaji anabaki ameshika pumzi akitazama jinsi kijana atakavyokuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ufundi wa Aoyama unapoonekana, kwa kuwa msomaji amekabidhiwa siri ambayo Aoko na baba yake hawanayo, na anayetunza siri ya mtu huanza kumwonea huruma hata asipokubaliana na matendo yake. Mchoraji anaongeza udhaifu wa kibinadamu ili huruma hiyo ipate mahali pa kushika: Kid, asiyetishwa na bastola wala helikopta, anawaogopa samaki kiasi cha kupiga kelele. Mkazi wa Ifakara, mji ambao samaki wa Mto Kilombero ni kitoweo cha siku zote, ataona hofu hiyo kuwa ya ajabu, na atacheka kwa haki kabisa.

Ukoo wa mhusika huyu ni mrefu. Mwingereza E. W. Hornung alimtoa Raffles, mchezaji kriketi wa tabaka la juu aliyekuwa mwizi wa usiku, mwishoni mwa karne ya 19. Mfaransa Maurice Leblanc akamtoa Arsène Lupin mwaka 1905. Na huko Japani Edogawa Ranpo akaandika mwaka 1936 juu ya mwizi mwenye nyuso ishirini. Mwaka 1967 Kazuhiko Katō, aliyetumia jina la Monkey Punch, akaanza kuchora vituko vya Lupin wa Tatu, mjukuu wa yule Mfaransa, na mwaka 1981 Tsukasa Hojo akaanza Cat's Eye, hadithi ya dada watatu wenye mgahawa ambao usiku huiba kazi za sanaa zilizokuwa za baba yao aliyetoweka, huku mpenzi wa mmoja wao akiwa ndiye askari anayewasaka. Lakini Wajapani hawakuhitaji Ulaya ili kumjua mwizi wa aina hii. Mtu halisi aliyeitwa Nezumi Kozō, anayekumbukwa na watu kwa upole kuliko alivyotendewa na serikali iliyomuua mwaka 1832, alivunja nyumba nyingi za mabwana wakubwa wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, na ingawa ushahidi kwamba aliwagawia maskini ni hafifu, umma uliamini hivyo, ukamwekea tamthilia jukwaani, na hadi sasa watu hufika kaburini kwake katika hekalu la Ekō-in kukwangua jiwe wakitafuta bahati.

Waswahili nao wana wajanja wao, ila hao ni wa namna nyingine. Sungura huwaibia wakubwa wa porini na Abunuwasi humchezea sultani mbele ya baraza lake, lakini wote wawili hufanya ujanja wao hadharani na kwa sura moja. Kila mtu anajua Abunuwasi ni nani, na kicheko kinatokana na kushindwa kwa mwenye nguvu kumpata kwa hoja. Karibu zaidi na maisha mawili ni Ndumilakuwili wa gazeti la vichekesho la Sani, lililosomwa kote Tanzania katika miaka ya 1980 pamoja na vituko vya Lodi Lofa na Pimbi. Huyo alikuwa mjanja wa mjini ambaye jina lake, la nyoka asemwaye kuwa na vichwa viwili, lilikwisha kumtangaza kabla hajatenda lolote. Msomaji alimcheka, ila hakukabidhiwa siri yake wala hakupelekwa nyumbani kwake, na kwa hiyo alimcheka akiwa upande wa pili wa barabara.

Methali isemayo kwamba za mwizi ni arobaini imeitawala hadithi ya Kiswahili kwa muda mrefu: mwizi anaingia ili akamatwe, na siku ya arobaini ndiyo shabaha ya masimulizi yote. Manga ya mwizi mwenye maisha mawili inaishi kwa kuiahirisha siku hiyo. Nakamori anakaribia, anashika joho, na joho linabaki tupu mkononi mwake. Sura inayofuata inaanza upya, na ndiyo maana Kid, ambaye hadithi yake mwenyewe imejaza juzuu tano tu katika miaka 30 ya mwanzo, ameendelea kuonekana katika Detective Conan, kazi kubwa zaidi ya mchoraji huyohuyo iliyoanza mwaka 1994.

Kuahirishwa huko kunaweza kuonekana kuwa ni kumtukuza mwizi, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito, kwani mwizi halisi ana mwathirika halisi. Mkenya John Kiriamiti, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971 kwa ujambazi, aliandika kitabu cha maisha yake, My Life in Crime, kilichotoka mwaka 1984, na humo maisha mawili yamo kweli, yakiwa na majina ya bandia na mchumba asiyejua kazi ya mwanamume wake. Lakini msomaji hawezi kuyacheka kwa moyo mweupe kwa sababu bunduki ni za kweli. Aoyama analijua hilo, na ndiyo maana amemfunga Kid kwa masharti: hatoi damu, hutangaza mapema kwa barua siku na mahali atakapoiba, haibi kwa ajili ya tumbo lake, na hurudisha. Sharti la mwisho lina uzito hata kisheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 258, inataja miongoni mwa nia zinazoufanya uchukuaji wa mali kuwa wizi ile ya kumnyima mwenyewe mali yake moja kwa moja, na wakili hodari angeweza kujenga utetezi wa Kid juu ya maneno hayo, ingawa makosa ya kuvunja na kuingia yangemsubiri mlangoni pa mahakama.

Lililo zito zaidi ni jinsi mwizi wa kawaida anavyosimuliwa mitaani na magazetini. Sauti moja ya "mwizi!" inatosha kumvua mtu kila kitu alicho nacho kingine: jina, mama, shule aliyosoma, timu anayoshabikia; kinachobaki ni mwili mbele ya wale ambao vyombo vya habari vimezoea kuwaita wananchi wenye hasira kali. Taarifa za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiorodhesha vifo vya aina hii, na baadhi ya waliouawa hawakuwa wameiba chochote. Hadithi inayomwonyesha mwizi akifundishwa hesabu saa nne asubuhi na akimfariji binti wa askari jioni haimsafishi mwizi; inamrudishia tu ule uso mwingine ambao kelele ya umati inaufuta kwa nukta moja.

Kiberege ya mkoani Morogoro, Tanzania, iliyo kando ya barabara itokayo Mikumi na Kidatu kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, ni mahali panapofaa sana kuyafikiria mambo haya, kwa kuwa hapo gereza lenye mashamba na kijiji cha wakulima ni majirani, na mfungwa anayeonekana akiwa na jembe si dhana ya kitabuni. Bonde la Kilombero lenyewe limekusanya watu wa kila asili, Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wahehe, wafugaji waliohamia na mifugo yao, vibarua wa mashamba ya miwa na wafanyabiashara walioshuka na reli ya TAZARA tangu miaka ya 1970, hivyo mgeni anaweza kuishi humo mwaka mzima bila majirani kujua alikotoka. Maisha mawili yanahitaji mahali pa namna hiyo, penye watu wanaosalimiana kila siku bila kujuana kwa undani.

Wala bonde halikosi njia ya kuzipokea hadithi za mbali. Utamaduni wa kusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, uliopata umaarufu Dar es Salaam kupitia watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, umewazoesha watazamaji wa vibanda umiza, yaani vile vyumba vidogo vya kuonyeshea video kwa kiingilio kidogo, kumsikia mhusika wa Hong Kong au Mumbai akizungumza kama mtu wa Manzese. Msimulizi wa aina hiyo hatafsiri tu. Anaongeza, anafafanua na kuhamisha mambo hadi yawe ya hapa. Katuni za video za Kijapani, ziitwazo anime, zinaweza kupewa huduma hiyohiyo, na sasa simu zimerahisisha safari ya katuni hizo.

Hata hivyo, kupokea si kuchora. Mwizi bingwa wa Kiberege hangekuwa na haja ya almasi, kwa kuwa kitu chenye thamani kuliko vyote bondeni ni mpunga, na wizi mkubwa zaidi unaofanywa juu ya mpunga haufanywi usiku. Unafanywa mchana, mbele ya mkulima mwenyewe, kwa lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu ya mdomo wake hadi likazidi sana kilo 100 zinazoruhusiwa, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Na pasipo lumbesa upo mzani uliochezewa. Sheria ya Vipimo inakataza yote mawili na Wakala wa Vipimo hukagua, lakini mkulima anayedaiwa ada ya shule na aliyevuna mara moja kwa mwaka mara nyingi huuza kwa yeyote aliyefika na fedha mkononi.

Hapo pana hadithi iliyokamilika. Mchana mhusika, awe msichana au mvulana, ni karani mpole wa ghala anayeandika magunia kwenye daftari. Usiku anatoweka na mizani ya wanunuzi, na kabla ya kwenda huacha barua yenye saa na tarehe. Asubuhi mizani inakutwa mahali pake, ikiwa imerekebishwa na kusoma kilo sahihi, na hakuna anayeweza kulalamika polisi bila kueleza ilikuwa inasoma nini jana. Askari anayemsaka ni mjomba wake, naye hula ubwabwa nyumbani kwao kila Jumapili. Ndani ya hadithi hiyo zingeingia treni ya usiku, mafuriko ya masika, madaraja, mashamba ya miwa na ukuta wa gereza, vitu ambavyo mchoraji wa Tokyo hawezi kuvibuni kwa ukamilifu hata akipewa miaka kumi.

Tanzania haijakosa mikono ya kuichora. Imemtoa Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyejijengea jina katika magazeti ya Kenya. Imemtoa James Gayo na mhusika wake wa katuni, Kingo. Imemtoa Masoud Kipanya. Na wote wamedhihirisha kwamba mstari wa wino unaweza kubeba mambo mazito huku msomaji akicheka. Kinachohitajika ni nafasi ya kuendelea, kwa sababu mwizi mwenye maisha mawili hawezi kukamilika katika kibonzo cha siku moja, bali anadai kurasa kumi na mbili kila wiki, kwa miaka. Wahariri wa magazeti ya mwishoni mwa wiki waitoe nafasi hiyo, wachapishaji waweke fedha katika juzuu za bei ambayo mwanafunzi wa sekondari wa Kiberege anaweza kuimudu, na wachoraji vijana wa Morogoro waanze sasa, kabla ya mavuno yajayo ya mpunga.