Barua ya Uhamisho Ina Jina Moja, Wanaohama ni Wanne

Mwaka 2019 mume wangu alirudi nyumbani Tabata na bahasha ya kaki mkononi. Hakusema kitu mpaka tulipomaliza kula. Ilikuwa barua ya uhamisho. Ofisi yao inahamia Dodoma, na yeye yumo kwenye kundi la kwanza. Barua ilikuwa na jina lake tu. Mimi, binti yetu wa miaka 5 na mdogo wake hatukutajwa popote.

Bila shaka msomaji wangu nyumba ya namna hii unaijua. Kama si ya kwako, basi ya shoga yako au ya jirani.

Habari yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ila kwa miaka mingi watu tuliusikia kama jambo la kesho. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Mwezi Septemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu, na Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia. Wizara moja baada ya nyingine ikafungasha kuelekea Mji wa Serikali, Mtumba.

Sina ugomvi na uamuzi huo. Ila ofisi ikihama inabeba mafaili, na faili halina mtoto wa chekechea wala mke mwenye kazi yake Dar.

Mume na mke wakiwa wote watumishi wa umma, mmoja anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza wake. Mimi kazi yangu ni magazeti, na magazeti mengi yako Dar. Nimfuate nikafanye nini? Tukakubaliana atangulie, sisi tubaki "kwa muda". Jamani, neno hilo ndilo lililotuponza. Hatukusema ni muda gani.

Baba wa Jumamosi

Kutoka Dodoma mpaka Dar ni kama kilomita 450. Mara mbili kwa mwezi baba watoto aliomba ruhusa Ijumaa mapema, akapanda basi, akashuka Ubungo usiku watoto wameshalala. Jumapili mchana anageuza. Kwa hiyo tulikuwa na Jumamosi moja, na Jumamosi hiyo kila mtu alitaka kuimaliza yeye.

Yeye alikuja na zabibu na zawadi, na kila mtoto alichoomba alipewa. Mimi niliyekuwa nakagua madaftari wiki nzima nikawa mama mkali. Akihamisha sufuria jikoni, nairudisha. Siku moja akaniambia, "Humu ndani mimi ni mgeni." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia mgeni angalau hupiga hodi.

Lakini kilichomuumiza zaidi kilitoka kwa binti yetu. Kila baba akiingia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Baba, unaondoka lini?" Mwenzangu akaamini mtoto hamtaki. Tukalibeba jambo hilo miezi mingi bila kuliongea. Mwishowe mwalimu wake akaniita shuleni. Kumbe binti alikuwa anachora vijumba vidogo nyuma ya daftari, kimoja kwa kila usiku ambao baba analala nyumbani. Alikuwa anauliza ili ajue achore vingapi.

Nilikaa kwenye benchi la shule nikalia. Sisi watu wazima tulipewa barua yenye mhuri na tarehe. Yeye hakuna aliyemwambia lolote zaidi ya "baba yuko kazini".

Na mimi nilikuwa bosi

Hapa naomba niseme ukweli wangu. Ofisini kwetu kulikuwa na dada mmoja wa usanifu wa kurasa, naye mumewe yuko Dodoma. Aliwahi kuniomba Jumatatu aingie mchana ili wapate Jumapili nzima ya pamoja. Nikamkatalia. Nikamwambia kikao cha saa 2 asubuhi hakimsubiri mtu, na matatizo ya nyumbani ayaache nyumbani.

Nina digrii ya mawasiliano, lakini siku ile sikumsikiliza mtu aliyekuwa mbele yangu. Jioni ileile nilikuwa nanung'unika nyumbani kwamba bosi wa mume wangu hana utu! Baada ya siku ile ya shuleni nilimwomba radhi, na kikao kikahamia saa 8 mchana. Gazeti halikuchelewa hata siku moja.

Kabla hamjafunga mabegi

Januari 2022 tuliamua upya. Watoto wakahamia shule Dodoma, na mimi nikakubaliana na wakubwa zangu niwe Dar wiki moja kila mwezi, gazeti linapokwenda kiwandani. Posho fulani nimezipoteza, siwezi kuficha. Ila tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, njia ni muda wa saa 4 hivi, na wiki hiyo baba ndiye anayekagua madaftari.

Kama barua imeingia kwenu, nawaachia haya machache:

- Semeni tarehe. "Kwa muda" si mpango. Andikeni mwezi ambao mtakaa tena kuamua upya.

- Mwambieni mtoto, hata wa miaka 4. Mwonyesheni kwenye kalenda siku baba au mama anakuja na siku anaondoka.

- Anayekuja apewe kazi, asipewe heshima ya mgeni. Aogeshe mtoto, aende sokoni, akemee pia.

- Ugomvi usisubiri Jumamosi. Umalizeni kwa simu katikati ya wiki.

- Na wewe bosi, muulize mfanyakazi wako nani mwingine anahama naye.

Wiki iliyopita nilikuwa najiandaa kwenda Dar. Kijana wetu mdogo akanishika mkono mlangoni. "Mama, unarudi lini?"

Nikamwambia, "Ijumaa, kwa treni ya jioni." Akaenda kuweka alama kwenye kalenda.